Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wanafunzi wa chuo na programu za afya ya akili wanazozipakua na kuziacha

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya washauri wa wanafunzi, waelimishaji rika, viongozi wa serikali za wanafunzi na wahadhiri wanaosimamia matumizi ya programu za simu za afya ya akili vyuoni. Mwanafunzi mwenyewe naye atapata lake, hasa kwenye maswali ya simu, bando na siri.

Kama kuna mtu anayefikiria kujidhuru leo, mambo ya programu yasubiri. Kenya, pigeni 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu. Tanzania, namba ya dharura ni 112. Kama kituo cha afya cha chuo au hospitali iko karibu, mpelekeni mkiwa naye, na asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda kutafuta bodaboda.

Siku ya uzinduzi walipakua mamia. Wiki tatu baadaye hakuna anayeifungua. Tumekosea wapi?

Pengine si kwenu tu. Mwaka 2019 Amit Baumel na wenzake walichapisha uchunguzi wa programu 93 za afya ya akili zilizokuwa zikitumika kwenye simu za Android. Kwa programu ya katikati (nusu ya nyingine zilikuwa juu yake, nusu chini), siku ya 15 baada ya kupakuliwa waliokuwa bado wanaifungua walikuwa asilimia 3.9, na siku ya 30 walikuwa asilimia 3.3. Yaani wakipakua wanafunzi 1,000, mwezi ukiisha mtawakuta kama 33. Hao walikuwa watu waliopakua wenyewe bila mtu wa kuwaulizia. Chuo chenye mfuatiliaji hupata zaidi ya hapo, ila msianze kwa kuota kwamba nusu ya wanafunzi wenu watakuwa ndani mpaka mwisho wa muhula.

Kabla ya kujilaumu, watenganisheni walioacha. Yupo aliyepata alichokitafuta: alikuwa halali usiku, akafanya mazoezi ya wiki mbili, sasa analala. Huyo amemaliza, na kumkimbiza arudi ni kumchosha. Yupo aliyekwama siku ya pili kwa sababu programu ilimtaka akaunti ya barua pepe ambayo nenosiri lake alilisahau. Yupo aliyeona maswali hayamhusu, na yupo ambaye simu yake ilijaa akaifuta ili apate nafasi ya notsi. Watumieni swali moja lenye majibu manne: nimemaliza, imenikwama, hainifai, simu au bando. Mkipata majibu ya watu thelathini tu, mtajua pa kuanzia.

Tuzindue lini?

Si wiki ya kupokea wanafunzi wapya. Wiki hiyo mwaka wa kwanza anapanga foleni ya usajili, anatafuta chumba, anaulizia mkopo umeingia lini, na ana vipeperushi saba mkononi. Atapakua kwa sababu mmesimama mbele yake, kisha atasahau.

Wiki ya nne au ya tano ni nzuri zaidi. Ratiba imetulia, majaribio ya kwanza yanakaribia, na msisimko wa kufika chuoni umeanza kupoa kwa wale waliokuwa wanajikaza. Ongezeni msukumo wa pili wiki tatu kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula. Msisubiri wiki ya mitihani yenyewe, kwa sababu aliyekwisha kuhesabu sapu mbili (mitihani ya marudio) kichwani hana nafasi ya kujifunza kitu kipya. Msukumo wa tatu uje siku matokeo yanapotoka. Vyuo vingi huusahau huu, na ndio wakati wa wanaoogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ambao wengi wako nyumbani likizo, mbali na mshauri.

Mwezi wa Ramadhani badilisheni saa. Kikumbusho cha saa moja jioni kinamkuta mfungaji akifuturu, na cha saa tatu usiku kinamkuta tarawehe. Mwacheni achague mwenyewe. Wengi hupenda baada ya daku au alasiri.

Mwanafunzi atumie mara ngapi? Lazima kila siku?

Si lazima, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Programu nyingi zimejengwa kuhesabu siku mfululizo: siku ya 9, siku ya 10, siku ya 11, kisha mtu anapitiwa siku moja na namba inarudi sifuri. Mtu mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, tayari anajiona hafai. Sifuri ile inamthibitishia. Anafunga programu na harudi.

Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati mpaka jambo lifanyike bila kulifikiria, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. La kuwaambia wanafunzi ni hili: kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Kama programu ina sehemu ya kuzima hesabu ya siku mfululizo, izimeni siku ya kwanza. Kama haina, mwambieni mwanafunzi waziwazi kwamba namba ile haimhusu.

Kipimo tunachopendekeza ni mara tatu kwa wiki, dakika 5 hadi 10 kila mara, kwa wiki nne hadi sita. Baada ya hapo anaitumia anapoihitaji. Hata kidogo kinaweza kusaidia: Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa vijana wa sekondari kikao kimoja tu cha kwenye kompyuta, na wiki mbili baadaye dalili zao za sonona zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao waliopewa somo jingine. Hiyo haina maana kwamba kikao kimoja kinamtosha kila mtu. Ina maana kwamba aliyefungua mara sita kisha akaacha si lazima awe amepoteza muda wake.

Siku ya kwanza tumfanyie nini?

Tengeni dakika 20, kikundi cha watu wasiozidi kumi, kila mmoja na simu yake ikiwa na chaji. Kusambaza kiungo kwenye kundi la WhatsApp la darasa hakutoshi.

Dakika tano za kwanza ni za kupakua, kufungua akaunti na kuandika nenosiri mahali atakapolipata. Tano zinazofuata ni za simu yenyewe: ruhusa, betri, nafasi (swali la arifa liko chini). Kisha kila mmoja achague tatizo moja: usingizi, hofu ya mitihani, au kukosa hamu ya kufanya chochote. Programu nyingi zina vyumba ishirini na mtu anapotea ndani yake. Mpeni chumba kimoja.

Tatizo la hofu, anzeni na kupumua: ingiza pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Mzunguko mmoja ni sekunde kumi, kwa hiyo dakika tano ni mizunguko 30. Afanye pale pale akiwa nanyi, maana zoezi alilolionja kwa mwili anaweza kulirudia peke yake chumbani. Usingizi, anzeni na saa moja isiyobadilika ya kuamka, hata Jumapili, kabla ya kugusa saa ya kulala. Kukosa hamu, apange jambo moja dogo la kesho lenye saa na mahali: kufua shati mbili saa kumi jioni, si "kuwa na bidii".

Dakika za mwisho aandike sentensi moja yenye *nikisha* na *nita*. Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer alionyesha miaka ya 1990 kwamba mpango wa namna hii, unaofunga tendo kwenye tukio, hutimizwa zaidi ya nia tupu. Mfano: *Nikishamaliza kupiga mswaki usiku, nitafungua programu kabla ya kupanda kitandani.* Tukio liwe lile ambalo hutokea kila siku bila kukosa. "Nikipata nafasi" si tukio. "Baada ya kipindi" nako ni hafifu, kwa sababu vipindi huahirishwa.

Nimewasha vikumbusho lakini haviji. Simu mbovu?

Mara nyingi simu ni nzima na inafanya ilichoambiwa. Sababu ziko nne, zikagueni kwa mpangilio huu.

Kwanza, ruhusa. Kuanzia Android 13, programu mpya hairuhusiwi kutuma arifa mpaka mtumiaji akubali. Wengi hubonyeza kukataa kwa mazoea. Akikataa mara mbili, programu haiwezi kuuliza tena. Inabidi aingie Mipangilio, kisha Programu, achague programu husika, afungue Arifa na kuiwasha kwa mkono.

Pili, betri. Simu nyingi mikononi mwa wanafunzi wetu, Tecno, Infinix na itel, hubana sana programu zinazofanya kazi chinichini ili chaji idumu. Humo humo Mipangilio, kwenye programu hiyo, fungua Betri na uchague isiwekewe vizuizi. Kama simu ina kifaa cha kusafisha, kile kinachoitwa Phone Master kwenye simu hizo, iingize programu yako kwenye orodha ya zisizofungwa. Ukibonyeza "safisha" kila jioni bila kufanya hivyo, unakizima kikumbusho cha usiku kwa mkono wako.

Tatu, usingizi mrefu. Kuanzia Android 11 simu huziondolea ruhusa programu zisizofunguliwa kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana aliyetoka likizo ndefu au field anarudi na programu iliyo kimya. Ruhusa ziwashwe upya.

Nne, hali ya usitusumbue. Kama imepangwa kuanza saa nne usiku na kikumbusho ni cha saa nne na nusu, hakitalia kamwe.

Ikishindikana yote, weka kengele ya kawaida ya simu yenye jina fupi. Haina urembo, ila huwa inalia.

Bando linaisha. Programu hizi zinakula kiasi gani?

Maandishi ni kidogo mno. Sauti ndiyo ya kuangalia: sauti ya dakika 10 iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 5, na kwa kilobiti 128 ni kama 10. Mazoezi matatu kwa wiki, kwa wiki sita, ni sauti 18, yaani megabaiti 90 hadi 180 kama unazicheza mtandaoni kila mara. Ukipakua tatu na kuzirudia, hazizidi 30 kwa muhula mzima. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, kisha zima data ujaribu kuzifungua. Baadhi ya programu husema zimepakuliwa kumbe zimehifadhi kiungo tu. Video ziepuke kabisa.

Wasimamizi, msichague programu kwa kuangalia uzuri wa rangi. Ichukueni simu ya bei nafuu kabisa mliyo nayo, izimeni data, muone kinachobaki kikifanya kazi. Kinachobaki ndicho atakachokuwa nacho mwanafunzi siku kumi kabla bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, halijaingia.

Arifa ziwe ngapi, na zisemeje?

Moja kwa siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha mbili au tatu kwa wiki, na saa iwe aliyoichagua mwenyewe. Zikizidi hapo, mtu huzima zote kwa pamoja na hazirudi.

Maneno yasimwanike. Skrini ya simu iliyo juu ya meza ya kantini inasomwa na watu watano. "Muda wako wa dakika 5" inapita. "Je, bado una huzuni?" haipiti. Wala msitumie lawama ya mapenzi, *tumekukosa sana, mbona umetuacha*. Inachekesha mara ya kwanza, mara ya tatu inakera.

Ni lazima kuwe na mtu wa kufuatilia? Si ndiyo maana tukanunua programu?

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mlipeni mtu na mtumie programu ya bure. Mwaka 2011 David Mohr na wenzake walieleza kwamba mtu huendelea na matibabu ya mtandaoni anapojua kuna binadamu anayemjali atakayemuulizia, na ambaye mtumiaji anamwona ni wa kuaminika na anajua anachofanya. Mtu huyo si lazima awe daktari. Shirika la Shamiri la Kenya hutumia vijana waliomaliza sekondari, waliofunzwa na kusimamiwa, kuongoza vikundi vya wanafunzi.

Kwa chuo, mwelimishaji rika mmoja awe na wanafunzi wanane hadi kumi. Ujumbe mara tatu wiki ya kwanza, mara mbili wiki ya pili, kisha mara moja. Uwe mfupi, ujibike kwa neno moja:

*Mambo vipi. Leo siku ya tatu. Zoezi limekwenda au limekwama? Nijibu neno moja tu.*

Akijibu "limekwama", usimhubirie. Uliza lilikwamia wapi: simu, muda, au zoezi lenyewe. Asipojibu mara mbili, piga simu mara moja. Asipopokea, mtumie ujumbe wa kumwachia mlango wazi, *sitakusumbua tena, namba yangu ndiyo hii*, kisha uache kweli. Hata hivyo, kama aliwahi kusema jambo la kujidhuru, ukimya wake mpeleke kwa mshauri siku hiyo hiyo.

Mwelimishaji rika haulizi mwanafunzi ameandika nini ndani ya programu. Anauliza tu kama imefunguka na kama imesaidia. Mpaka huu msipouchora mapema, mtajikuta na kijana wa miaka 20 amebeba siri za watu kumi na yeye mwenyewe halali.

Tuwape alama za darasani au zawadi?

Alama, hapana. Mtu akilazimishwa kujaza hali yake ya moyo ili apate alama tano, atajaza uso wa tabasamu kila siku saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Mtakuwa na takwimu nzuri zisizo na ukweli. Tena si haki kwa asiyetaka.

Zawadi zina shida nyingine: zinanunua kufungua, hazinunui kutumia, na zikikoma watu nao wanakoma. Kulipia bando la megabaiti mia kadhaa kwa mwezi ni jambo tofauti. Hapo mnaondoa kikwazo, hamumnunui mtu.

Mwenzangu wa chumbani akiona hiyo programu atasema nimechanganyikiwa.

Hofu hiyo ina msingi, maana maneno kama "kichaa" na "mirembe" (jina la hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma) bado yanarushwa hosteli kama utani. Fanya hivi: weka namba ya siri au alama ya kidole kwenye programu yenyewe, si kwenye simu peke yake. Zima maudhui ya arifa kwenye skrini iliyofungwa. Iondoe kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, kwa kuwa utaikuta kwenye orodha ya programu zote. Sikiliza kwa spika za masikioni, na angalia kama zimeunganika kabla hujabonyeza cheza, hasa za Bluetooth, ambazo huruka kwenda kwenye spika ya jirani.

Na wasimamizi: tangazeni kama programu ya usingizi na kusoma bila kuvurugwa. Si uongo, ni kweli inafanya hayo. Bango lililoandikwa "Una sonona? Njoo hapa" hakuna atakayesimama kulisoma mbele ya wenzake.

Chuo kinaona ninachoandika?

Inategemea mkataba, na una haki ya kuuliza. Chuo kinapaswa kuona jumla tu: wangapi wamefungua, wangapi wamemaliza. Kikundi chenye watu chini ya kumi kisionyeshwe kabisa, kwa sababu ukijua "mwanamke mmoja wa mwaka wa nne wa uhandisi" umeshamjua.

Tahadhari hii haijatoka hewani. Mwaka 2020 kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya tiba ya saikolojia ya Vastaamo huko Finland zilivujishwa, na wagonjwa wenyewe wakatumiwa vitisho vya kudaiwa fedha. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kutoa taarifa za wateja kwa makampuni ya matangazo, ikiwemo Facebook. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kabla ya kusaini, mwulizeni muuzaji mambo haya kwa maandishi: taarifa zinakaa nchi gani, nani anazipata, zinafutwaje mwanafunzi akiomba, na kama kuna kampuni ya matangazo ndani yake. Akijibu kwa kuzungukazunguka, mtafuteni mwingine.

Mwanafunzi naye asitumie barua pepe ya chuo kufungua akaunti. Siku akimaliza masomo itafungwa, naye atafungiwa nje ya kumbukumbu zake.

Programu imenipa alama 14. Maana yake nini?

Huenda umejaza PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona chenye maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita, kila moja sifuri hadi tatu, jumla 27. Kuanzia 5 ni dalili ndogo, 10 ni za wastani, 15 ni za wastani zinazoelekea kuwa kali, 20 ni kali. Ya wasiwasi ni GAD-7: maswali saba, jumla 21, na mipaka ni 5, 10 na 15. Ni vipimo vya kuchuja, havitoi jina la ugonjwa. Malaria, kukosa usingizi wiki ya mitihani au msiba vinaweza kupandisha namba.

Kwa 10 na kuendelea, onana na mshauri huku ukiendelea na programu. Kwa 20, programu iwe nyongeza tu. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri, hata kama jumla ni 6, linahitaji mazungumzo na mtu siku hiyo hiyo. Wasimamizi, hakikisheni mnajua programu yenu hufanya nini mtu akijibu hivyo. Jibuni wenyewe kwa majaribio. Zipo zinazoonyesha namba ya simu ya Marekani na kuendelea na zoezi.

Usirudie kipimo kila siku. Kinauliza wiki mbili, basi kipe wiki mbili.

Kila nikirekodi hali yangu najisikia vibaya zaidi.

Acha kurekodi. Kuandika "vibaya" siku kumi na nne bila kufanya chochote baada ya kuandika ni kujikumbusha tu. Hamia kwenye sehemu ya kupanga matendo au ya usingizi. Vilevile wapo ambao mazoezi ya kufumba macho na kutulia huwarudishia matukio mabaya waliyopitia. Wao wafanye macho wazi, miguu ikigusa sakafu, au waache kabisa. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye siku kadhaa halali na hachoki, huyo ni wa daktari, si wa programu.

Kwani dua haitoshi?

Anayepata utulivu kwenye sala aendelee nayo. Zoezi la kupumua halishindani na sala yoyote, na unaweza kulifanya baada yake. Kwa wengi hapo ndipo lilipokaa vizuri zaidi, kwa sababu sala tayari ina saa yake.

Zote ni za Kiingereza. Je?

Hilo hufukuza watu kuliko inavyodhaniwa. Mtu anafanya mtihani kwa Kiingereza, lakini uchungu wake uko kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. PHQ-9 ipo kwa Kiswahili na imefanyiwa uchunguzi Kenya. Itumieni hiyo. Kwa mazoezi, rekodini wenyewe sauti tatu za dakika tano kwa Kiswahili cha kawaida, zikaguliwe na mshauri, mzitume kama faili. Nazo ni programu ya kutosha.

Programu zinazochati kama mtu, tuziamini?

Kwa mazoezi yaliyopangwa, zinaweza kusaidia. Woebot, mojawapo ya programu hizo, ilijaribiwa mwaka 2017 kwa vijana 70 wa umri wa chuo nchini Marekani kwa wiki mbili, na dalili za sonona zilipungua kuliko kwa waliopewa kitabu cha kusoma. Hiyo ilifuata majibu yaliyoandikwa na wataalamu. Programu za jumla za akili mnemba (AI) ni jambo jingine: hupenda kukubaliana nawe, na mtu aliyejishawishi kwamba hafai hahitaji wa kukubaliana naye saa nane za usiku. Zitumiwe kupanga ratiba na kuuliza maana ya mambo. Kuamua juu ya dawa au uhai, hapana.

Tujuaje kama mpango wetu unafanya kazi?

Idadi ya waliopakua iacheni kwa mabango. Hesabuni mambo matatu: waliofanya angalau mazoezi sita ndani ya wiki nne, walioacha wakarudi, na waliofika kwa mshauri kwa kuelekezwa na programu. La pili ndilo tunalolithamini zaidi, kwa sababu maisha ya chuo yana mawimbi, na mtu anayejua njia ya kurudi ataitumia wimbi lijalo. La tatu likipanda, foleni ya mshauri nayo itapanda, kwa hiyo msianze mpango kabla ya kujua mshauri anaweza kuona wangapi kwa wiki.

Programu tuliyoizoea imefungwa na kampuni. Tufanyeje?

Hutokea. Woebot yenyewe iliondolewa mwezi Juni 2025. Mkipata tangazo, wiki hiyo hiyo waambieni wanafunzi wapakue kumbukumbu zao, mara nyingi kupitia Mipangilio, Akaunti, Hamisha data, kisha waombe zifutwe. Mazoezi waliyokuwa wakiyafanya yaandikwe kwenye karatasi moja: jina, hatua, dakika. Sentensi ya *nikisha* na *nita* ibaki ilivyo, ibadilishwe tu jina la programu, au karatasi ile ichukue nafasi yake mpaka mpate nyingine.